Mkono wa Melkizedeki

Kwenye pombe, Melkizedeki hakuwa na mpinzani Sepuka nzima. Kata ya tatu ya pombe ikishashuka, alimnyoa mwenyekiti wa kijiji, Lazaro, bila maji. Mahindi kwenye mchanga huu ni wazimu, alisema. Mwaka jana yalikauka tukala majani ya porini, na mwaka huu tutazika watoto. Mkewe Martha alimsikia, akaona safari hii mume wake anasema kweli.

Kesho yake Lazaro aliitisha mkutano. Shamba la ujamaa lipandwe mahindi tena, wanaounga mkono wanyooshe. Mkono wa kwanza juu ulikuwa wa Melkizedeki. Mwanaume mzima na ndevu zake, ulimi kauacha kilabuni. Martha alimwonea kinyaa.

Akasimama yeye. "Ndugu mwenyekiti, mimi napinga. Tupande uwele."

"Kaa chini, unaniaibisha," mumewe akanong'ona, akimvuta kanga.

Martha alimdharau Lazaro pia, kijana wa juzi aliyejaa hotuba, akangoja kukaripiwa. Lazaro hakukaripia.

"Mama Esta, ndege je? Zamani kila mtu aliishi shambani kwake, mkiamka mnawafukuza. Sasa tumehamia huku, shamba liko kule. Nani atalinda uwele?"

Aibu ilimshika Martha, maana swali lilikuwa la haki.

"Hilo sikuliwaza," akasema. "Lakini ndege hubakiza. Jua halibakizi."

Lazaro akakuna kichwa. "Na hilo mimi sikuliwaza."

Wakabishana mpaka watu wakaanza kusinzia. Mwisho wakapatana: uwele upandwe, na kila nyumba ilinde kwa zamu. Lazaro akaomba mikono upya. Wa kwanza kunyoosha, Melkizedeki.

Ndege walikula kweli, tena sana. Lakini walibakiza, na watoto wa Sepuka wakala uji mwaka mzima. Kilabuni Melkizedeki alisimulia jinsi alivyopigania uwele, na wanaume wenzake, waliokuwepo mkutanoni, wakaitikia kwa vichwa.

Msimu uliofuata Martha alijifunga kanga asubuhi.

"Unakwenda wapi?" mumewe akauliza.

"Kwa mwenyekiti. Anataka kupanda pamba, na mimi sitaki. Nakwenda kubishana naye."

"Si ubishane na mimi mumeo?"

Martha alimtazama kuanzia miguuni, macho yakapanda taratibu mpaka usoni.

"Na wewe, Baba Esta? Wewe utakubali tu."