Kwa Mwendo wa Tarumbeta

Kamati ya harusi ya Jenipher ilikuwa na wajumbe ishirini na mmoja, na kamati ndogo ya usafiri ilikuwa na wajumbe watano. Kati ya hao watano, wanne hawakuwa na gari. Wa tano alikuwa na pikipiki. Hao ndio waliokaa chini ya turubai uani kwa mama yake, Demetria, Chamazi, Jumapili tatu mfululizo, wakinywa soda zake na kuamua gari la marehemu mumewe lifungwe rejeta gani.

Gari lenyewe mtaa mzima ulilijua kwa jina la Mmarekani. La mwaka sabini, milango miwili, silinda nane, na boneti ndefu kiasi kwamba dereva huiona barabara kwa kukisia. Marehemu huyo, Projestus, alilinunua kwa mkandarasi mmoja wa barabara aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, akalilea kuliko alivyowahi kulea migomba yake ya Bukoba. Tangu Jenipher yuko darasa la pili, kila akilifuta vumbi alimwambia: siku ya harusi yako utapanda hili, na mie ndiye nitakayeendesha. La kuendesha lilishindikana. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Lilibaki la kupanda.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mmarekani alikwisha kuchemsha mara mbili. Mara zote mbili kichwa cha injini kilipinda kwa joto, kikapelekwa Temeke kwa mzee mmoja mchonga vyuma akakisawazisha. Mara ya pili mzee yule alikigonga kwa kidole akamwambia Demetria, "Mama, hapa nimefika mwisho. Hakina tena nyama ya kuchonga. Likichemsha mara nyingine, injini hii muifanye nanga ya turubai."

Kichwa kingine cha namna hiyo hakikuwapo Dar es Salaam nzima. Gozbert, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati, alishasema jambo hilo lisimnyime mtu usingizi: injini ikifa, watapachika ya Kijapani iliyotolewa kwenye teksi. Alilisema kwa moyo mwepesi wa mtu anayezungumzia kitu cha mwenzake.

Demetria mwenyewe alikuwa na diploma ya majokofu na viyoyozi, na miaka kumi na tisa ya kutengeneza vyumba vya baridi vya wauza samaki na kuku. Kila siku ya Mungu kazi yake ilikuwa kulitoa joto mahali lisipotakiwa. Katika kamati ya harusi ya bintiye alipangiwa kusimamia rangi ya vitambaa vya meza.

"Rejeta tumeshapata," Gozbert alitangaza Jumapili ya tatu. "Ya aluminiamu, ya mashindano kabisa. Imetoka Dubai."

"Na feni?" Demetria aliuliza, akiteremsha kreti la soda.

"Feni tumetoa."

"Mmetoa."

"Ile ya chuma ilikuwa inakula nguvu ya injini, Shemeji. Magari ya mashindano hayana madude yale. Sebastian ametufungia kale kadogo ka umeme. Kanatosha."

Sebastian, fundi wao wa Mbagala, aliinamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, Mama. Na themostati nimeitoa. Kile kidude cha kufungulia na kufungia maji ni cha nchi za baridi. Huku kwetu kinaziba njia tu."

"Marahaba. Na lile duara la plastiki lililokuwa linaizunguka feni?"

"Lile urembo, Mama. Na rejeta mpya ni nene, lisingeingia."

"Naam. Urembo. Na springi?"

Hapo Kamugisha, mwanawe wa kwanza, akachangamka. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na tangu baba yake afariki, mambo yote ya kiume aliyasikia kwa Gozbert kwanza. "Tumeweka fupi, Mama. Gari limelala chini, utalipenda. Na rimu za inchi kumi na nane. Za zamani zote ziko stoo."

"Mmelijaribu wapi?"

"Kilwa Road, saa kumi na mbili asubuhi," Gozbert alidakia. "Tisini mpaka mia. Mshale wa joto haukutikisika, Shemeji. Ungeuona ungedhani umechorwa."

Wajumbe wakapiga makofi. Demetria alisubiri yaishe.

"Siku ya harusi, kutoka kanisani Mbagala mpaka ukumbini hapa Chamazi, mbele yetu anakwenda nani?"

"Si matarumbeta, kwenye pikapu yao."

"Nao wanakwenda tisini?"

Mjumbe mwenye pikipiki alicheka, akaona uso wa mwenyekiti, akakigeuza kicheko chake kuwa kikohozi.

Maana mwendo wa matarumbeta kila mtu wa Dar anaujua. Ni mwendo wa shangazi anayecheza kinyumenyume huku anapunga leso. Pikapu ikifika kwenye tuta inasimama, wapigaji wanamaliza wimbo wote, akina mama wanashuka kwenye magari, wanacheza, wanapanda, msafara unasogea hatua thelathini, unasimama tena. Na gari la maharusi liko nyuma yao, na jua la saa tisa liko juu yao. Kamati ilikuwa imelipatia gari hilo vifaa vya kukimbizana na upepo. Siku yenyewe upepo usingekuwepo.

"Shemeji," Gozbert alisema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "wewe tusaidie kwenye vitambaa. Hii ishu ni ya kiufundi."

"Sawa. Basi Jumamosi mnipe saa moja ya ufundi wenu. Mje wote watano, mkae ndani."

Jumamosi hiyo, wiki moja kabla ya harusi, saa tisa kamili alasiri, Demetria alitoka getini na kanga kiunoni, ndala miguuni na mwavuli mkononi. Akasimama mbele ya boneti.

"Nifuateni. Asinipite mtu."

"Shemeji, unatutembeza kama ng'ombe wa mnada?" Gozbert aliuliza kutoka kiti cha mbele.

"Ng'ombe angekuwa ameshafika."

Akaanza kutembea. Nyuma yake Mmarekani akaunguruma na kujikokota, wanaume sita ndani yake, wale watano na fundi Sebastian, Kamugisha kwenye usukani, wamebanana magoti yakigusa videvu. Hatua thelathini, anasimama, anahesabu mpaka mia moja, anaendelea. Kijiweni, waendesha bodaboda waliacha kazi zao zote, yaani kukaa.

"Mama, hilo gari limekufa unalivuta kwa maombi?" mmoja alimuuliza.

"Huu msiba au kampeni?" mwingine akataka kujua.

"Mtihani," Demetria alijibu bila kugeuka.

Tuta la kwanza lilikwangua tumbo la gari kwa sauti ya sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. La pili halikupitika kabisa. Ilibidi wajumbe washuke, gari linyanyuke, livuke, wapande tena.

"Na bibi harusi naye atashuka na shela lake?" Demetria aliuliza. 

Walipokaribia uwanja wa mpira, kale kafeni ka umeme kalikuwa kanalia kwa sauti nyembamba ya mbu. Demetria alisikia harufu kabla ya kuona chochote, ile harufu tamu ya maji ya rejeta yanayotaka kutoka. Hilo hakulipanga kwenye ratiba yake. Alikuja kuwathibitishia watu, hakuja kuiua injini ya Projestus barabarani.

"Mshale uko wapi?" aliuliza kwa sauti.

"Umepita nusu, Mama." Kamugisha akatazama tena. "Robo tatu."

"Zima."

"Usizime," Gozbert alisema. "Watu wanarekodi, tutaaibika. Mpite mama yako, kanyaga, likipata upepo litashuka lenyewe."

Mbele kulikuwa na matuta mawili na lori la mchanga linalogeuza. Upepo wa kupata hapo ulikuwa wa mdomo wa Gozbert peke yake. Demetria alifunga mwavuli, akasimama katikati ya barabara, akamtazama mwanawe kupitia kioo. Hakurudia alichosema. Alimuona Kamugisha akimwangalia baba yake mdogo, kisha mshale, kisha simu zilizoinuliwa pembeni mwa barabara. Ulikuwa muda mfupi tu, lakini maji hayasubiri.

Kamugisha akazima.

Chini ya boneti kitu kilichemka, kikagugumia, kikatema povu kidogo kwenye kopo la akiba. Sebastian alishuka mbio na kitambaa mkononi kufungua kifuniko cha rejeta. Demetria alimpiga mkono kwa mwavuli.

"Utaungua uso, na hapo utataka nikuhurumie. Hakuna kugusa kitu nusu saa."

Nusu saa ikapita.  Gozbert aligundua ana simu muhimu ya kupiga ng'ambo ya barabara.

"Mama," Kamugisha alisema chini chini, "nimeiua?"

"Bado sijui."

Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena. Oili ilikuwa safi, haikuchanganyika na maji. Akaongeza maji taratibu, akamwambia awashe. Silinda zote nane ziliitika, moja baada ya nyingine, bila kukohoa. Demetria akageuka kuutazama uwanja wa mpira kwa makini, ingawa siku hiyo hapakuwa na mechi.

"Tufunge nini sasa?" Kamugisha alimuuliza. Katika wiki tatu za vikao, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuuliza.

"Rejeta ibaki. Ndicho kitu pekee mlichochagua vizuri, na nadhani ni bahati. Feni ya chuma irudi, inazunguka na injini hata gari likisimama. Lile duara mnaloita urembo nitalikunja mwenyewe kwa bati, lienee rejeta nzima. Feni bila duara inavuta hewa ya pembeni, ile ile ya moto, inaizungusha kama mnavyozungusha maneno. Kale kadogo mkafunge mbele kasaidie. Themostati irudi. Springi za zamani zirudi, shokapu mnunue mpya, na zile bushi za raba chini zilizokwisha mbadilishe. Rimu mpe mtu anayekwenda mashindanoni."

Gozbert alikuwa amemaliza simu yake. "Likirudi juu hivyo, Shemeji, litaonekana gari la mzee."

"Lilikuwa la mzee."

Gozbert akaishika tena simu yake.

Bati alilikunja Jumatatu, mchana wa mapumziko, kwenye karakana kazini kwake. Jumatano Sebastian alikuja kulifunga, akaomba kujua kwa nini limeachiwa nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye mapanga ya feni, akaelezwa, akaandika kwenye simu yake. Alhamisi walilitembeza tena Mmarekani, safari hii Kamugisha ndiye aliyeomba. Mshale ulipanda mpaka nusu, ukakaa hapo.

Siku ya harusi Demetria alipangiwa gari la tatu katika msafara, kwa kuwa ndilo linalowafaa wazazi, kamati ilisema. Kutoka pale mshale hauonekani. Kwa hiyo alikubaliana na Kamugisha, dereva wa maharusi: kila matarumbeta yakisimama, atoe mkono dirishani, kiganja kilale kama mshale uko salama. Yalisimama mara kumi na moja. Mara kumi mkono ulitoka, umelala. Shangazi mmoja aliyetoka Mwenge, upande wa bwana harusi, alicheza tuta zima peke yake na kurudia.

Mara ya kumi na moja, mbele ya geti la ukumbi, mkono haukutoka.

Demetria alifungua mlango kabla gari lake halijasimama vizuri. Akapita katikati ya vigelegele na viwiko vya watu mpaka kwenye dirisha la Mmarekani. Kitini hapakuwa na mtu. Kamugisha alikuwa mbele ya pikapu, koti limefunguka, amemshika dada yake mkono, wanacheza mbele ya matarumbeta kama watu wasiojua kesho. Injini ilikuwa inaunguruma yenyewe.

Aliingiza kichwa dirishani akautafuta mshale. Nusu.

Alisimama hapo kidogo, mkono juu ya paa la gari, akiisikiliza injini. Kisha akageuza ufunguo, akaizima. Petroli haiokotwi barabarani.