Jua la Mama Janice

Jumatano asubuhi, Agosti ya mwaka 2004, Naliaka alikuwa akipiga pasi jikoni kwa Mama Janice, mtaa wa Jamhuri, mabega yake yalipoanza kuungua. Alikuwa amevaa sweta mbili. Jua halikuwa limeonekana Nairobi kwa siku nane. Kufikia saa sita alikuwa na malengelenge mgongo mzima, ila mistari miwili mahali zinapopita kamba za nguo ya kuogelea, nguo ambayo hakuwahi kuivaa.

Alijitanda leso, akatembea hadi hospitali huko Upper Hill. Sista Peres alimlaza kifudifudi, akamwekea vitambaa vya maji baridi.

"Mdosi wako ameenda wapi?"

"Mama Janice? Ako Mombasa na watoto."

"Anaota jua. Wewe ni wa tatu wiki hii."

Sista aliinama, akaweka sikio katikati ya mabega yale. Akamwita mzee Lazarus, bawabu aliyelala kitanda cha pili, naye akasikiliza, akavua kofia. Ndani ya mgongo maji yalikuwa yakija na kurudi.

"Mdosi wangu anakula nyama, mguu inafura ni yangu," Lazarus alisema polepole. "Afadhali wewe, umepewa bahari."

Naliaka hakuwa ameiona bahari maishani. Alizuia pumzi ili naye asikie. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, haina mwisho, na ilikuwa ndani yake. Kitambaa kilipoondolewa kilikuwa na chumvi na mchanga mweupe.

"Usipasue malengelenge," Sista alisema, akimpa dawa ya kupaka. "Kunywa maji mingi. Na umwambie akae kivulini. Ukiungua tena, hii ngozi haitarudi."

Jioni Mama Janice alipiga simu. Naliaka, ambaye kwenye simu huitikia tu, siku hiyo alieleza yote. Neno kivuli alilisema mara mbili.

"Ndio maana mimi niko sawa," Mama Janice alisema. "Wenzangu wote hapa wanabambuka. Pole, wangu. Vumilia, tumeongeza wiki. Na usisahau uniform ya Janice."

"Sawa, Mama Janice."

Alhamisi alilowesha shuka mbili, akajilaza sakafuni kifudifudi, moja mgongoni. Saa tatu joto lilifika mgongoni, na mawimbi pamoja nalo. Aliyasikiliza. Saa nne joto likahamia kifuani: Mama Janice alikuwa amegeuka. Naliaka alichukua shuka ya pili, akageuka naye.