Sura ya Pakiti

Sijapata kuona neno lenye njaa kama "kidogo". Meneja wa masoko wa kiwanda cha sabuni alikuwa nalo mdomoni kutwa, hata simu yangu ikiita, Mama huuliza, "Ni Bwana Kidogo Tu?" Nami huitika kwamba ndiye. Nafanya kazi zangu za usanifu nyumbani, sina bosi. Au niseme ukweli, kila mwenye namba yangu ni bosi wangu. Asubuhi napanga kurasa za jarida la wafugaji wa kuku, mchana nachora nembo ya duka la vioo, jioni nahangaika na pakiti za sabuni. Meza yangu iko sebuleni, nimeligeuzia mgongo kochi la Mama, na yeye husimamia kila ninachofanya bila kuombwa.

Pakiti ya sabuni ya unga ilikuwa na sura yake. Kiwanda kilipokuwa kichanga walitaka mwanamke anayecheka akiwa na beseni, nikampiga Mama picha uani. Alisaini karatasi yao kwamba picha ni mali ya kiwanda, akasema uso wenyewe umeshazeeka, wauchukue tu. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Mama Povu. Akiingia dukani wanazigeuza pakiti zimtazame. Hujifanya hapendi, ila sabuni nyingine haikanyagi nyumbani kwetu.

Safari hii Bwana Kidogo Tu alikuja na jipya. "Mama yetu ni mzuri," aliniambia, "lakini wanunuzi siku hizi ni vijana. Mpunguzie umri. Kidogo tu."

Iliniudhi. Nilitaka kumwambia akampunguzie umri mama yake. Lakini faili lilikuwa lao, na Mama mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. "Nipunguze," akasema, "nani hapendi?"

Basi nikafuta mistari chini ya macho. Bwana Kidogo Tu akataka mashavu yapungue kidogo, nikayapunguza. Akaja na shingo, akaja na paji la uso, kisha akarudi kwenye mashavu. Nilikuwa nakuza picha mpaka jicho moja linajaza kioo cha kompyuta na kuwa vidoa vya rangi, nahangaika nalo, kisha nahamia kona ya mdomo. Ndivyo tunavyofanya kazi hii, na hasara yake ndiyo hiyo: unaweza kukaa na uso siku nenda siku rudi usiuone. Alipoidhinisha nilishukuru tu kwamba nimepumua. Nikatuma faili kwa mpiga chapa, nikarudi kwa kuku wangu.

Kila kazi ya pakiti huwa najichapia moja nyumbani, naikunja, naijaza pamba, naisimamisha mezani nione inavyokaa. Mama alipita, akaichukua, akavaa miwani. Nilisubiri utani. Haukuja.

"Umempata wapi dada yako?" akauliza.

Dada yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa Mama, mimi kitinda mimba. Homa ilimchukua akiwa msichana, ndiyo kwanza ameanza kazi, nami wakati huo sijui hata kufunga kamba za viatu. Picha zake Mama alizifungia kabatini na ufunguo anaujua yeye. Sasa aliutafuta, akatoa picha moja, akaiweka kando ya pakiti.

Alikuwa yeye. Nyusi zake, shingo yake, na kile kidevu. Niliapa kwamba sikutumia picha yake, ningeitoa wapi? Nilichofanya ni kumwondolea Mama miaka, na chini ya ile miaka ndiko alikokuwa dada.

Mama aliketi. "Mimi wanitupe jalalani, wanikanyage, nimezoea," akasema taratibu. "Huyu usimpeleke sokoni. Nakuomba, mwanangu."

Mama hajawahi kuniomba kitu. Huagiza.

Nikapiga simu pale pale. Bwana Kidogo Tu alinisikiliza mpaka mwisho, na sauti yake ikawa ya upole kweli, jambo lililonitisha zaidi. "Pole sana," akasema. "Lakini pleti za kuchapia zimeshatoka, mtambo unazunguka."

Nikamwambia nitachora upya bure. Nitachora beseni tupu, nitachora mwanamke asiyekuwa wa mtu.

"Huyo ni mama yako, na alisaini."

"Huyo ni marehemu dada yangu."

"Ni mama yako aliyepunguzwa umri," akasema. "Na aliyempunguza ni wewe. Watu tumewaonyesha, wamempenda mno."

Nikakata simu. Nikakimbilia kwa mpiga chapa. Mtambo ulikuwa unanguruma, na dada yangu anatoka mle safu kwa safu, anacheka. Fundi alichomoa karatasi moja akainyanyua kwenye mwanga. "Rangi umeipatia," akanisifu. Nilimsihi asimamishe. Aliniangalia kwa huruma, akafuta mikono yake. "Mimi mtu wa mtambo tu, ndugu yangu. Anayesimamisha ni mwenye kazi."

Nilirudi mikono mitupu. Mama aliniona tu mlangoni, akaenda jikoni.

Pakiti zilipofika madukani aliacha kwenda dukani. Lakini barabara huwezi kuacha kuipita. Watu huchana pakiti kwa juu, pale pale penye alama niliyoweka mimi, na mchaniko hukata paji la uso, kisha huitupa. Mama akaanza kutoka na mfuko. Aliziokota mitaroni, sokoni, kwenye bomba la maji wanakofulia. Wakimwona wanamtania, "Mama Povu, umerudi usichana!" Naye anawashukuru. Wakadhani anazikusanya kwa sababu ni zake, wakaanza kumletea zilizoisha, kwa mapenzi, zimefungwa vizuri. Alizipokea kwa mikono miwili. Aliziosha, akazianika kwenye kamba uani, na mimi nikahamisha meza nisione dirishani. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na mtu wa kumpelekea.

Kisha simu ikaita. Sabuni inatoka sana, akasema meneja, wanataka mabango ya barabarani. Sura ile ile, ila acheke zaidi, meno yaonekane. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa, na ningemtukana.

"Kubali," Mama akasema kutoka kwenye kochi.

Nikamgeukia.

"Ukikataa watampa kazi mtu asiyemjua. Kubali."

Nikakubali. Nikafungua faili, nikakuza mdomo, nikabaki nimeshika kipanya. Picha zote za kabatini dada amefunga mdomo. Nikamwuliza Mama dada alikuwa anachekaje, maana mimi sikumbuki.

Mama akafikiri. Akafunika midomo kwa kiganja, akakitoa, akafikiri tena.

"Mimi pia kicheko chake kimenitoka," akasema. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akavaa miwani. "Wewe ndiye uliyebaki. Hebu cheka nikuone."

Nikajaribu.