C Bila Kidole cha Shahada

Mashine ya kukata nyasi ilimla Kalekye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akiwatayarishia ng'ombe wa mama yake chakula kule Migwani. Kidonda kilipofunga, kanisa lilikuwa limeshampa mtu mwingine nafasi yake ya kupiga gita. Hakuna aliyemwambia. Aliingia Jumapili akamkuta Kimeu kwenye kiti chake, akaenda kukaa nyuma na akina mama.

Nyumbani, dadake Kasyoki alikuwa hainuki kitandani. Saratani ya koo ilikuwa imeimaliza ile sauti iliyokuwa ikiongoza kwaya, na daktari wa Kitui alikuwa amesema wamrudishe nyumbani, apewe chochote anachotaka. Chakula hakutaka. Alitaka gita.

"Nipigie," alinong'ona.

"Na vidole gani?"

"Vilivyobaki."

Kalekye alilishusha gita ukutani kwa hasira zaidi ya huruma. Akajaribu C, chord ya kwanza aliyofundishwa na Kasyoki mwenyewe walipokuwa wasichana. Kidole cha kati na cha pete vikakaa mahali pao. Cha shahada ndicho kilichozoea kuubana uzi wa pili kutoka chini. Sasa uzi huo ukabaki wazi. Akapiga. Ikatoka sauti tamu, ila haikutulia.

"Nimeharibu."

"Rudia." Kasyoki alikuwa amefumba macho. "C ni do, mi, so. Huo uzi uliouacha wazi ni ti. Umeiongeza juu yao." Akangoja pumzi imrudie. "Inaitwa major seventh. Ti siku zote hutaka kupanda hadi do. Wewe umeikatalia."

"Sijakataa. Sina kidole."

Kasyoki akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi chenye damu.

Tangu hapo walikaa pamoja kila alasiri. F nayo waliipata, kwa kusogeza vidole vitatu vilivyobaki na kuuacha uzi wa chini kabisa ulie peke yake. Mama yao, Nduku, akipita mlangoni, alisema huo ni muziki wa matanga na hataki kuusikia mtu angali hai.

Kasyoki alifariki kabla ya mvua za vuli. Siku ya mazishi, Kalekye alisimama kando ya kaburi na gita bila kuomba ruhusa, akaanza wimbo ambao dadake aliupenda. Kimeu akaingia na C yake kamili, kwaya ikaikazia do kwa nguvu, na ti ya Kalekye ikakwaruzana nayo. Watu wakageuka kumtazama.

Nduku akaja akalishika gita shingoni.

"Inatosha. Mtoto wangu hatazikwa na wimbo mbovu."

"Mwaitu," Kalekye akamwambia mama yake, "ndivyo alivyotaka."

"Hakuna anayetaka hivyo."

Kalekye hakubishana na mama yake mbele ya watu. Kwaya ikaumaliza wimbo, naye akabaki amelikumbatia gita huku udongo ukiporomoka juu ya jeneza.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, aliketi kwenye kitanda cha Kasyoki kilichoondolewa godoro, akaipiga ile C. Nje, mama yake akaacha kusugua sufuria. Kalekye akasubiri aambiwe anyamaze. Hakuambiwa kitu. Akaenda kwenye F, akarudi kwenye C, akaendelea hivyo mpaka kovu likaanza kumuuma.