Miezi ya Hakuna

...andika hakuna, anasema Bwana Lasaad wa ofisi ya kodi, kana kwamba ananiambia nikoroge chai, hapa, dada Monjia, kwenye mauzo, hakuna, halafu sahihi, mwezi unaofuata hivyohivyo, na kalamu yake ya serikali imefungwa uzi mezani kama mbuzi, nami naizungusha tu vidoleni, yaa Rabbi, neno hilo kwetu Nabeul nani analitamka, mafuta yakiisha jikoni mama mkwe anasema yamejaa, nenda kanunue, unga ukiisha umebarikiwa, ukisema hakuna umeifungia riziki mlango kwa mkono wako mwenyewe, ndivyo alivyonifunda nilipoingia nyumbani kwake, nami nikashika, nikashika mno... maana hiyo kampuni yangu ni nini, mimi peke yangu na mtungi wa shaba, midanzi, ile michungwa michungu, ikichanua nachemsha maua, nakinga maji yake ya kunukia, nauza, natangaza kodi yangu halali bin halali, kisha mtungi unalala mpaka mwakani, na mtungi uliolala utatangaza nini, nilidhani unanyamaza tu, kumbe... "Kampuni haina usingizi, dada, hata usipouza chupa moja, kila mwezi unatuambia. Ukinyamaza, sisi tunajua unaficha." Naficha! Mimi! ... na bila karatasi hizi cheti cha kutodaiwa kodi hakitoki, na mnunuzi wa Susa anakitaka leo, la sivyo atanunua kwa wengine, na mtungi nitauuza, nikachambue maua ya watu kwa kibarua, Mungu apishe mbali... "Bibie, hilo ni tangazo la kodi au barua ya mapenzi?" huyo mama aliye nyuma yangu kwenye foleni, watu wanacheka, cheka tu, mdomo mali yako... "Na Bwana Muniri, hajambo huko Italia?" anauliza Bwana Lasaad, ananipa nafasi nitulie, mtu mwema, yeye na mume wangu walicheza mpira pamoja utotoni, na ulimi wangu umeshajibu wenyewe, hajambo, anakusalimu, kazi nyingi tu, kama ninavyomjibu muuza mkate, kama tunavyoambiana mimi na mama mkwe kila asubuhi, yuko salama, yuko njiani... wapi, Monjia, wapi salamu, wapi simu, mume wangu hajapiga tangu maua ya mwaka juzi, na sisi wawili tunasema yamejaa, yamejaa, na nyumba tupu... ukinyamaza unaficha, anasema, na nilikuwa namficha nani, si serikali, wallahi serikali ndiyo ya mwisho... nina hasira naye, basi, nimesema, nina hasira naye na nina hamu naye, na riziki gani hiyo inayokimbia neno, mbona hatukulisema na bado haikuja... "Dada Monjia?" Bwana Lasaad anagonga meza kwa kidole, kalamu bado mkononi, karatasi bado nyeupe, naam kaka, naandika, hizi ndizo rahisi, nitaziandika zote mbele ya huyu mama mcheka watu, kazi ni jioni, mama mkwe atakapomimina kahawa na kuniuliza kama kawaida yake, mwanangu kasemaje leo, nitamshika mikono kwanza, yote miwili, halafu nitamwambia, hakuna, mama.