Vidole vya Papa Leslie

Kufikia saa mbili na nusu asubuhi Ushindi alikuwa ameshamwosha Papa Leslie, mzee aliyekuwa akimhudumia nyumbani kwake, amemlisha uji na kumfunga vifungo vya shati. Simu ya kampuni iliyomwajiri ikalia mfukoni: dakika zake thelathini zimekwisha, mgonjwa wa pili anangoja. Lakini kadi ya ukaazi ya mzee ilikuwa inaisha siku ileile, na barua ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ilisema wazi: aje mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa na miaka tisini na mitatu, akikaa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imekufa wiki mbili.

Ushindi akampigia Onésime, kinyozi wa Galerie d'Ixelles, mtu wa kwao Lubumbashi. Alifika akihema.

"Dada, huyu muzee tutamubeba namna gani?"

"Na kiti ya cuisine, ile ya jikoni. Weye chini, miye juu. Bon, polepole."

Kwenye ngazi mzee akacheka. Aliishi Brussels na mkewe Mbelgiji miaka hamsini, hadi alipomzika, na bado Kifaransa chake kilinuka Australia alikozaliwa.

"Mara ya mwisho kubebwa hivi ilikuwa Korea. Nina miaka kumi na tisa. Walituambia tutarudi nyumbani kabla ya baridi." Walipofika ghorofa ya kwanza akaongeza, "Vietnam nilikuwa sajini. Huko nilibeba mimi. Si wote waliofika chini wazima."

"Pole, papa," Onésime alisema, akakishika kiti vizuri zaidi.

Chini wakamhamishia kwenye kiti cha magurudumu, Onésime akarudi kwa wateja wake. Kwenye komini Ushindi na mzee walingoja kwa saa mbili nzima. Karani, mwanamke mwenye miwani, akamwambia mzee aweke kidole kwenye mashine. Taa nyekundu. Kidole kingine, nyekundu. Vyote kumi.

"Hana alama za vidole," karani alimwambia Ushindi, kana kwamba mzee hayupo.

"Zilibaki Korea," mzee akajibu. "Baridi ilikula ngozi."

"Basi alete cheti cha daktari. Nafasi iliyopo ni baada ya wiki sita."

"Wiki sita bila kadi, madame? Tumemshusha ghorofa tatu kwa mikono!"

"Hilo si la dirisha hili."

Simu ikalia tena. Ni Madame Anaïs, msimamizi wake. "Mgonjwa wako wa pili, yule bibi, bado yuko kitandani, Ushindi. Nikimtuma mwingine, kesho usijitafute kwenye ratiba."

Ushindi alimwona yule bibi akilini, shuka limelowa, macho mlangoni. Roho ikamuuma.

"Mtume mwingine, madame. Tafadhali, afike haraka."

"Nenda kazini, mwanangu," mzee alisema. "Mimi nabaki mpaka wanipe kadi."

"Utabaki wapi, papa? Saa sita wanafunga."

"Hapahapa. Vita viwili nilitii kila amri, hata za kijinga. Hii sitii." Akavuta breki ya kiti.

Saa sita pazia la dirisha likashuka. Ushindi akazima simu, akavuta benchi, akaketi karibu naye. Mlinzi alikuja kuwaambia ofisi imefungwa.

"Nimesikia," Papa Leslie alisema kwa upole. "Naomba maji."

Mlinzi alimtazama mzee, akamtazama Ushindi. Akaenda, akarudi na glasi mbili za maji, akawaacha wakae.