Mheshimiwa Aenda Kukaguliwa

Pikipiki ya baba yangu tunaiita Mheshimiwa, kwa sababu haanzi kazi bila kubembelezwa. Kila asubuhi baba humfuta tangi, humsemesha kwa upole, humpiga teke moja la heshima, ndipo Mheshimiwa hukohoa, hutoa moshi na kukubali kulitumikia taifa.

Nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, mahali tunapofundishwa kusimama wima mbele ya mambo mazito. Jambo zito likatangazwa redioni: kuanzia sasa kila pikipiki lazima ikaguliwe, na isiyo na stika isionekane barabarani. Mama alizima redio na kutoa hukumu palepale jikoni.

"Ikifaulu, ibaki. Ikifeli, jioni hiyohiyo inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimechoka kufuta mafuta kibarazani."

"Mama watoto, huyu ndiye anayetulisha."

"Anayetulisha ni wewe. Yeye anakubeba tu, na siku nyingine unambeba wewe."

Baba hakukata rufaa, ila siku hiyo hakumaliza chakula. Alimnunua Mheshimiwa ujanani, kabla hata ya kumpata mama, jambo ambalo mama hajalisahau.

Sasa, baba ni fundi umeme wa majumbani, na chochote kilichoharibika kwenye pikipiki alikitengeneza kwa vifaa vya nyumba. Taa ya mbele huwashwa kwa swichi nyeupe ya ukutani, iliyokazwa juu ya tangi. Indiketa zina swichi mbili zilizokaa pamoja, kama za sebule na korido. Ukimpanda Mheshimiwa unajiona uko nyumbani, kasoro kochi.

"Na honi?" nilimuuliza.

"Ipo. Lakini ni ya dharura."

Kweli, hatukuwahi kuisikia. Akirudi kutoka kazini, baba huzima injini pale kona na kumsukuma Mheshimiwa mpaka getini, kwa heshima ya majirani. Majirani walimsifu sana. Mimi mwenyewe niliguswa, nikapanga kumtaja kwenye insha yangu ya maadili mema.

Siku ya ukaguzi mama naye alikuja, kwa miguu, na mwavuli mkononi, kushuhudia haki ikitendeka. Uwanja ulijaa pikipiki, na wenyewe wakizisugua kwa mashati waliyovaa. Nyuma yetu alisimama dereva mmoja mwenye mdomo.

"Mzee," alisema akiitazama swichi, "hiyo ukiiwasha, bili inakuja kwa nani?"

"Kwa anayeuliza," baba akamjibu.

Mkaguzi alikuwa dada wa ovaroli ya bluu, tochi mkononi, asiyecheka na mtu. Alikanyaga breki, akaridhika. Akabonyeza matairi, akaridhika.

"Taa."

Baba akabonyeza swichi. Taa ikawaka. Mkaguzi aliitazama ile swichi kwa muda mrefu.

"Baba, hii ni ya ukutani."

"Inawaka, haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi, binti yangu."

Mkaguzi akapumua. "Haya. Honi."

Baba alitazama angani. Akakohoa. Akauliza kama matairi hayahitaji kuangaliwa tena.

"Honi, baba."

Alimtupia mama jicho, pale alipokuwa amesimama kando ya kamba ya watazamaji. Kisha akafumba macho, akabonyeza.

Ding-dong.

"Karibu, sukuma tu, mlango uko wazi," mama akaitikia, kwa mazoea.

Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Wa mwisho kujisikia alikuwa mama mwenyewe. Alifunga mwavuli taratibu.

"Rudia," akasema.

Ding-dong.

"Baba watoto. Hiyo ni kengele yangu."

Na ilikuwa yake. Ilitoweka mlangoni kwetu mwaka jana, na baba akaeleza kwamba imeharibika, inasubiri kipuri kutoka ng'ambo. Tangu hapo wageni wetu hugonga geti kwa mawe. Mama mkubwa aliwahi kusimama pale kwenye mvua mpaka akaamua kwamba tumehama, akaenda kuutangazia ukoo.

"Kumbe ng'ambo yenyewe iko chini ya tangi," mama akasema.

"Honi ilikufa nikiwa na kazi nyingi," baba akajitetea kwa sauti ndogo. "Nilitaka kuiazima siku moja tu."

Nikaielewa ile heshima kwa majirani: anayesukuma hapigi honi getini. Palepale nikamwondoa baba kwenye insha.

Mkaguzi aliuma mdomo asicheke. "Baba, kazi ya honi ni kuwaondoa watu njiani. Hii inawakaribisha. Hapa imefeli."

"Mimi ningeingia kabisa," akasema yule dereva.

"Ila ukirekebisha na kurudi kabla geti halijafungwa, hupangi foleni tena."

Baba alibaki ameweka mkono juu ya kiti cha Mheshimiwa, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Wote tulimtazama mama. Mimi ni mzoefu wa kusimama mbele ya walimu wa nidhamu, lakini uso ule sikuweza kuusoma.

"Wewe mtundu," akaniambia, "chukua bisibisi, toa kengele yangu. Ole wako uikwaruze."

Akatoka getini kwenda kwa wauza vipuri. Tukawa tunasikia honi zikijaribiwa, moja baada ya nyingine, na sauti ya mama ikizishinda: "Hii inaomba radhi. Nipe inayofukuza." Alirudi amebeba honi kubwa kama bakuli.

"Mama watoto," baba akasema, "si ulisema akifeli..."

"Nilisema jioni. Jioni haijafika. Na kengele yangu haiwezi kurudi nyumbani kwa miguu."

Baba aliunganisha nyaya. Alipobonyeza, mkaguzi aliangusha tochi, ndege wakahama paa la ofisi, na yule dereva akajikuta ameshuka kwenye pikipiki yake bila kukusudia.

"Hiyo ndiyo honi," mkaguzi akasema, sasa akicheka waziwazi, na akabandika stika.

Mama akapanda nyuma, kengele mapajani. Mimi, kwa cheo changu katika familia, nilikabidhiwa mwavuli na barabara. Nilikuwa bado mtaa wa pili niliposikia Mheshimiwa akipita kona yetu injini ikinguruma, na honi ikilia mfululizo. Baadaye majirani walishuhudia kwamba mkono uliokuwa ukibonyeza ulitokea nyuma ya bega la baba.

Nilipofika, baba alikuwa anashuka kwenye ngazi. Alijifuta mikono, akabonyeza.

Ding-dong.

"Nani?" mama akauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Fundi umeme."

Nikasikia hatua zake zikisogea mlangoni.

"Kipuri kimefika kutoka ng'ambo?"

"Kimefika, mama watoto."

Mlango ukafunguliwa.